Kitenge cha Tausi na Jibu la Asubuhi

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mtayasomea kwenye simu, mmelala chali, miguu ukutani. Shusheni miguu. Ninayowaambia yanahusu kazi yenu hiyo hiyo ya kompyuta, na yamenipata mimi niliyeishia darasa la nne, kwa hiyo msiseme bibi anaingilia yasiyomhusu.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Fremu yangu iko chini, stoo yangu iko ghorofa ya nne ya jengo hilo hilo, na lifti ya jengo hilo nimeiona ikifanya kazi siku moja tu, siku aliyokuja mtu kuikagua. Kwa hiyo stoo ni ngazi. Ngazi themanini na nane. Sikuzihesabu kwa macho, nilizihesabu kwa magoti.

Zamani mteja akiuliza, "Mama, kitenge cha mishumaa kipo?" ilibidi mtu apande, afungue kufuli, atazame, ashuke, aseme, "Kipo." Mteja anasema, "Na chenye rangi ya bluu je?" Mtu anapanda tena. Akishuka mara ya pili anakuta mteja ameshahamia duka la ng'ambo. Mpandaji alikuwa mkwe wangu, mke wa mwanangu. Alipoolewa alikuwa mnene wa kupendeza. Ngazi zikammaliza, mpaka ndugu zake wakaja siku moja, wakakaa sebuleni, wakaniuliza kwa heshima zote kama namnyima chakula.

Ndipo nikatunga akili ya waya. Nilifunga waya juu ya meza yangu, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila kitenge kilichopo stoo nikakata kipande chake, nikakibana pale kwa kibanio cha nguo. Kipande kikining'inia wazi, lipo robota zima na zaidi. Kikiwa kimekunjwa, yamebaki mabaki. Kikiwa hakipo, usiulize. Mkwe akawa anapanda asubuhi mara moja, anatazama stoo nzima, anashuka na habari zote, nami napanga vipande vyangu. Mteja akija, nainua macho, namjibu kabla hajamaliza swali. Ndugu zake mkwe walipokuja tena walikuta mashavu yamerudi.

Na jambo moja mlijue kuhusu duka langu. Nikikwambia "kipo", hicho ni chako. Hata akija mwingine na gari zima, atangoja wewe uje ukikatae kwa mdomo wako. Watu wa Kigoma, Songea, Moshi, wote wananijua kwa neno hilo moja.

Sasa mkwe wangu huyo ana binti, mjukuu wangu wa kwanza. Amesomea kompyuta na ana cheti, nimekitundika karibu na leseni ya biashara. Mwaka huu akaniambia, "Bibi, mteja wa mkoani asipate tabu ya kupiga simu. Nakutengenezea tovuti. Ataona picha ya kila kitenge, ataona zipo pisi ngapi." Mama yake akapewa simu ya stoo. Akiuza, anaandika humo humo juu, na tovuti inajua.

Siku ya kuizindua nikavaa miwani, nikabonyeza kitenge cha tausi, kile chenye ndege ametandaza mkia. Kikatokea kiduara kinazunguka. Nikaenda kubandika chai. Nikarudi, kinazunguka. Nikatia udhu, nikaswali Adhuhuri na sunna zake, nikarudi. Tausi ametokea kichwa, mkia bado.

Juma zima ikawa hivyo. Mteja mmoja wa Songea akanipigia. "Bibi, shikamoo. Hiyo tovuti yenu inanimalizia bando. Si nikupigie tu simu, nikuulize kwa mdomo kama zamani?"

Nikamwita mjukuu wangu. "Kinachozunguka ni nini?"

"Inatafuta, bibi."

"Inatafuta wapi?"

"Kwenye databezi. Ni kama stoo, ila ya maandishi. Mtu akiuliza tausi zipo ngapi, programu inaenda huko, inapekua mizigo yote iliyoingia na mauzo yote yaliyotoka, inajumlisha, inatoa, ndiyo inarudi na jibu."

"Na wa pili akiuliza tausi hiyo hiyo?"

"Inaenda tena."

"Na wa tatu?"

"Inaenda tena, bibi."

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo, tumekulipia na hosteli, ili uje utengeneze mama yako wa pili apande ngazi?"

Mkwe alikuwa anakunja vitambaa nyuma yangu. Akaguna, "Mwambie, mama. Mwambie."

Nikamwonyesha mjukuu waya. Amekulia chini ya waya ule, amejifunzia kusimama kwa kushika meza iliyo chini yake, lakini siku hiyo aliutazama kama anauona mara ya kwanza. Mdomo wazi.

"Bibi, hiyo ni kache!"

"Huo ni waya."

"Ndiyo kache yenyewe. Jibu ukishalipata unaliweka karibu. Anayefuata akiuliza lile lile unampa hilo hilo, hurudi stoo. Tulifundishwa muhula mzima, na wewe umeitundika hapa kwa vibanio!"

Nilimwangalia mama yake kuhakikisha amesikia.

Akakaa na kompyuta yake siku mbili, hali chakula vizuri, ananitazama mimi na waya wangu kama anayepiga picha. Siku ya tatu asubuhi akanipa simu. Nikabonyeza tausi, na kabla sijainua kidole, ndege na mkia wake huyo hapo: zipo pisi arobaini na mbili. Nikabonyeza mishumaa. Hiyo hapo. Nikabonyeza vitenge kumi na tano mfululizo bila sababu, kwa raha tu.

Kulikuwa na swali moja la kuuliza pale: jibu hili ni la saa ngapi? Sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshatoka nje kujisifu.

Ng'ambo ya barabara kuna jirani yangu, mzee wa Kihindu, duka amelirithi kwa baba yake. Miaka mingi tunagombania wateja na kuazimana sukari. Yeye hana tovuti, hana waya. Mteja akimuuliza kitu, anavua kandambili, anapanda ngazi yake mwenyewe nyuma ya duka, anahesabu kwa mkono wake, anashuka. Watoto wake wanamwomba aache. Haachi.

Nilimkuta anafagia mlangoni. "Jirani," nikamwambia, "duka langu sasa linajibu kabla hujauliza."

"Linajibu nini, mama?"

"Kila kitu. Mtu yuko kwao Songea, anabonyeza tu."

"Mimi la kwangu likianza kujibu lenyewe, nitafunga nitafute mganga."

"Utabaki na wivu wako na kandambili zako."

Katikati ya maneno hayo mkwe akachungulia dirishani huko ghorofa ya nne. "Mama! Tausi thelathini zimetoka! Amechukua yule mteja wa Komoro! Nimeshaandika!"

Nikapunga mkono bila kugeuka. "Nimesikia!" Na nilisikia kweli. Nikaendelea na jirani yangu, maana nilikuwa sijamaliza habari za kandambili.

Saa saba mchana ikapigwa simu. Ni mama mmoja wa Moshi, mteja wangu wa siku nyingi, mwenye duka huko kwao, mama wa maneno machache. Alikuwa mjini kwa ndugu yake, anamwoza binti yake Desemba hii, wakati Wachaga wote wamerudi nyumbani na hakuna pa kujificha ukikosea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za harusi?"

"Harusi ni sare. Nataka pisi arobaini za kitenge kimoja, za mashangazi na mama wadogo. Nimeona kwenye tovuti yako tausi zipo arobaini na mbili. Nakuuliza wewe kwa mdomo, kwa sababu hapa nimesimama duka lingine, wamenishikia arobaini za maua. Mtu mwingine yuko nyuma yangu anazisubiri. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nina basi, na mafundi wangu wanasubiri kesho kutwa. Zipo?"

Sikukurupuka, naapa. Nilimtazama mjukuu, akabonyeza, akanionyesha: arobaini na mbili. Nikainua macho kwenye waya: kipande cha tausi kinaning'inia wazi. Mashahidi wawili.

"Zipo," nikasema. "Achia hayo maua. Njoo."

Alifika saa tisa na nusu kwa bajaji, na kamba zake za kufungia mzigo. Nikamkaribisha kiti, nikapiga simu ya stoo. "Mkwe wangu, shusha tausi arobaini."

Nikasikia robota linasogezwa.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama. Hizo arobaini nizitoe wapi? Zimebaki kumi na mbili."

Yule mama wa Moshi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alitoa simu, akapigia lile duka la maua, akasikiliza, akakata. "Yameondoka," akasema. "Bibi, nimeachia kwa neno lako. Upande wa bwana harusi wana sare, na kofia juu. Sisi tutaingia kanisani kama watu tuliokutana stendi?"

Nikamgeukia mjukuu. "Mashine yako imeniongopea mbele ya mgeni! Mama yako ameandika mauzo tangu asubuhi. Kaandika au hakuandika?"

Akapekua kompyuta. "Ameandika, bibi. Databezi inajua ni kumi na mbili. Lakini tovuti haijaenda kuuliza. Inatoa jibu la asubuhi."

"Nani kaiambia itoe jibu la asubuhi mpaka saa hizi?"

"Mimi. Niliiambia likae mpaka kesho asubuhi."

"Kwa nini kesho asubuhi?"

"Kwa sababu waya wako unapangwa asubuhi, bibi. Nimekuiga wewe."

Ni kweli napanga asubuhi. Lakini mchana kutwa mkono wangu unakunja hiki, unatoa kile, kila mzigo ukitoka. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mkono haujitangazi. Mtoto alichukua nusu ya kazi, nusu nyingine alidhani bibi anajinyoosha.

Ningemsema bado, maana hasira ilikuwa haijatoka yote. Ila yeye aliinua macho juu ya meza. Mama yake, aliyekuwa ameshafika chini anahema, naye akainua. Mteja akawafuata. Wote watatu wakatazama kipande cha tausi, kinaning'inia wazi, mkia wote nje, wakati mimi nilishapigiwa kelele dirishani kwamba thelathini zimetoka.

"Haya," nikasema. "Tumekosea wawili. Mashine na mimi."

"Hiyo inanisaidia nini?" akauliza mama wa Moshi.

Nikavaa khanga yangu vizuri, nikavuka barabara.

Jirani aliniona tangu sijashuka ukingo. "Karibu, mama. Umekuja kumalizia habari za kandambili?"

"Una tausi?"

"Ninayo."

"Ngapi?"

Akakuna kidevu. "Jibu la haraka unalitaka, au la kweli?"

"La kweli."

"La kweli linapanda ngazi. Kaa hapa unywe chai." Akaweka kigoda mlangoni, pale pale njiani, ambapo mtaa mzima unapita. Akavua kandambili. Nikakaa. Nilikuwa na haraka na sikuwa na pa kwenda.

Kila aliyepita aliniona. Muuza kahawa akasema, "Bibi, umehamia huku?" Mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni akasimama kabisa. "Bibi, unauziwa au unauza?" Nikamwambia apeleke mkokoteni wake mbele kabla sijaupindua. Mama wa Moshi amesimama mlangoni kwangu ng'ambo ile, mikono kifuani, ananitazama nikinywa chai.

Huko juu nilimsikia jirani anahesabu kwa sauti. Akafika ishirini na sita. Akaanza upya, moja.

"Umeshahesabu!" nikamwitia.

"Mara ya kwanza ilikuwa ya kwangu. Hii ni ya kwako."

Zikawa ishirini na sita mara zote mbili. Akanipa kwa bei aliyonunulia, hakuongeza senti, na hilo liliniuma kuliko chai na kigoda.

Kumi na mbili na ishirini na sita ni thelathini na nane. Tukazipanga mezani, mama wa Moshi akazihesabu mwenyewe, akasema, "Mashangazi wawili waende uchi?"

"Uwape kitenge kingine," mkwe akajaribu, "uwaambie wao wamechaguliwa."

"Dada, wewe huwajui mashangazi wa kwetu. Ukimpa mmoja tofauti, harusi nzima itakuwa ni kikao cha yeye kutofautishwa."

Hapo mkwe akashika kichwa. "Mama! Zetu mbili!"

Ni kweli. Wiki mbili nyuma mimi na yeye tulijikatia pisi moja moja ya tausi huyo huyo, tukapeleka kwa fundi wetu mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Nilishanyanyuka kwenda kuzifuata, nikakumbuka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempigia fundi, akanijibu mara moja, "Bibi, zimeisha, bado vifungo tu."

"Ameshakata," nikasema. "Basi tena."

Mjukuu akaniuliza taratibu, "Bibi, kwani gauni lako lina vifungo?"

Nikafikiri. Nilimwambia anishonee gauni la kuvalia kichwani, halina kifungo hata kimoja. La mkwe lina zipu.

Tulikwenda wote wanne, mama wa Moshi mbele. Fundi alikuwa ameinamia cherehani. Akasikia hatua, hakuinua hata kichwa. "Karibuni, karibuni, bado vifungo tu."

"Vifungo gani?" nikamuuliza.

Akainua kichwa. Akaniona. Akashuka na macho mpaka chini ya meza, nami nikayafuata, na huko kulikuwa na mfuko wangu, na juu ya mfuko fundo nililolifunga kwa mkono wangu wiki mbili nyuma. Halijaguswa. Nikalifungua. Pisi mbili zimekunjwa kama zilivyotoka kwenye robota, hazijaonja mkasi.

Mama wa Moshi akacheka. Siku nzima hakuwa amecheka, na akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikainua mikono, nikamwombea fundi dua, Mungu ampe umri na riziki. Fundi akadhani ni maapizo, akarudi nyuma ya cherehani. "Bibi, nisamehe, nitashona leo leo!"

"Usiguse!" tukamwambia wote kwa mpigo.

Njiani mjukuu akasema, "Naye ana kache, bibi. Anajibu haraka kweli. Ila lile jibu alilihifadhi siku alipofungua kiwanda." Nikamwambia asicheke sana, bado sijamaliza naye.

Arobaini zikafungwa. Mama wa Moshi akavuta kamba, akapima uzito, akanipa mkono. "Asante, bibi. Mdogo wake bibi harusi naye ana mchumba, nadhani mwakani. Nitakupigia." Akapanda bajaji. Akachungulia. "Ila sasa nitakuuliza mara mbili."

Vijana, nimetukanwa Kariakoo na madalali, na wachukuzi, na mwanamke mmoja aliyedai nimemroga mumewe kwa kitenge. Halijapata kuniingia neno kama hilo la mara mbili.

Jioni ile tulishusha geti nusu, tukakaa watatu. Mjukuu akanieleza atakavyorekebisha, nami nikamhoji kila hatua. Picha ya kitenge, akasema, inaweza kukaa karibu mwezi mzima, haina haja ya kufuatwa stoo kila mara. Nikakubali, tausi haoti manyoya mapya akiwa ndani ya robota. Lakini idadi, akasema, ikae muda mfupi tu, na zaidi ya hapo mama yake akiandika mauzo, lile jibu la zamani la kitenge hicho litupwe hapo hapo. Atakayeuliza wa kwanza baada ya hapo, programu itampandia ngazi, itamletea jibu jipya, na wengine watapewa hilo.

"Kwa hiyo huyo mmoja ataona kiduara?"

"Sekunde chache, bibi."

"Angoje. Mimi nimengoja kwenye kigoda."

Mkwe akauliza kama waya sasa tuushushe, maana tovuti itakuwa inatosha. Nikasema waya unabaki, umeme wa hapa tunaujua. Kisha nikasimama, nikawaamuru wote wawili, na amri hiyo inasimama mpaka leo:

"Anayeuza afute jibu la zamani kwanza, kwenye simu na kwenye waya, ndipo afunge kamba ya mzigo. Hakuna kuniitia dirishani. Mkinikuta nimesimama na jirani, shukeni ngazi zote themanini na nane, mnishike mkono, mnirudishe ndani, na msiniachie mpaka muone kwa macho yenu nimekikunja kipande."